Tope la Lushoto si tope la Kajiado: uzi wa baiskeli za mlimani kipindi cha masika

SpokuMoja

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, wengine habari za mvua.

Masika yakianza tu maswali ni yaleyale: nijaze upepo kiasi gani, mbona pedi za breki zimeisha na nilizibadili juzi, cheni inalia, gia zinaruka. Tuyaweke hapa sehemu moja. Nazungumzia baiskeli za mlimani zenye matairi ya kashata (vile vinundu vya mpira vinavyoshika chini), iwe ya dukani au ya mtumba kutoka Japani na Ulaya.

Kabla ya tairi na breki, jua udongo. Wengi wanaliruka hili halafu wanalaumu tairi.

Udongo mwekundu wa milimani, kama wa Lushoto au Limuru, unapitisha maji haraka. Mvua ikikatika asubuhi, jioni njia yenye mteremko inapitika. Ubaya wake ni pale unapolowa juu tu: kuna utelezi wa sentimita moja au mbili, na chini pagumu. Tairi pana lililojaa upepo linaelea juu ya ule utelezi. Jembamba lenye kashata ndefu linauchoma na kushika chini.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, wa mbuga za Usukumani na nyanda za Athi hadi Kajiado, ni habari nyingine kabisa. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Tazama kinachotokea ukiuingia umelowa. Mizunguko ya mwanzo tairi linavaa ngozi nyembamba ya tope. Kisha nyasi zinajichanganya humo. Mbele kidogo kashata hazionekani tena, gurudumu limenenepa hadi linagusa foki (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele), na nyuma tope linasukumwa kwenye kona iliyo nyuma ya krenki (mkono wa pedeli) mpaka inajaa. Gurudumu linasimama. Anayekaza pedeli hapo ndiye anayerudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu dereila (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kwenye gia) iliyojaa nyasi inavutwa na cheni hadi kwenye spoku na sikio lake, kile kipande kinachoishikiza kwenye fremu, linakatika.

Kwa hiyo kwenye tope jeusi hakuna tairi la kukuokoa. Zunguka kwa barabara ya changarawe, au ibebe begani. Kuisukuma hakusaidii, maana gurudumu linazunguka na kukusanya tope vilevile.

Karibuni tujazane.

KashataMbili

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze kwenye matairi.

Kwa tope jekundu, upana wa inchi 2.0 hadi 2.3 unatosha. Angalia nafasi kati ya kashata na kashata kuliko jina la tairi. Kashata zilizobanana katikati zinakimbia vizuri kiangazi, ila zikishajaa tope zinabaki tairi la kipara. Zilizoachana zinalitema lile tope gurudumu likishika kasi. Kwa wanaonunua mapya, Maxxis Shorty na Schwalbe Magic Mary ni za kati: zinafaa tope na bado zinavumilika pakavu. Maxxis Wet Scream na Schwalbe Dirty Dan ni za tope tupu. Kashata zake ni ndefu na kwenye mwamba au lami zinayumba, usizifunge kwa safari yenye lami nyingi.

Kama una pesa ya tairi moja, lifunge mbele. Nyuma ikiteleza unaweza kuirudisha, mbele ikiteleza umelala chini.

Pima pia nafasi kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na foki. Chukua spana ya aleni ya mm 10 uipitishe pande zote mbili na juu. Isipopita, hilo tairi ni pana mno kwa masika hata kama lilikaa vizuri miezi yote ya jua. Fremu nyingi za mtumba za inchi 26 zinabana hapo nyuma ya krenki. Tairi la 1.95 linazifaa kuliko la 2.25.

Upepo, kwa mtu wa kilo 70 hadi 80 na tairi la 2.25 au 2.3: mbele PSI (kipimo cha upepo kwenye geji) 20 hadi 22, nyuma 23 hadi 25. Kila kilo 5 zikizidi au kupungua, badili kama PSI 1.

Dada_Pedeli

Kaka KashataMbili, hizo namba ni za tyubulesi (tairi lisilo na tyubu ndani), ungesema. Mwenye tyubu akiweka 20 nyuma, jiwe la kwanza lililojificha ndani ya dimbwi litaibana tyubu kwenye rimu. Utakuta matundu mawili yamekaa sambamba, na kiraka kimoja hakiyafuniki yote. Kwa tyubu: mbele 25 hadi 27, nyuma 28 hadi 30.

Kuna jambo jingine kwa tyubu yenye upepo mdogo. Kwenye tope zito ukibana breki au ukikaza pedeli, tairi linateleza juu ya rimu na kuiburuta tyubu. Angalia valvu: ikiwa imelala upande, imeanza kuvutwa, na itakatika shingoni. Hapo hakuna kiraka. Toa upepo wote, zungusha tairi hadi valvu isimame wima, jaza tena na PSI 3 zaidi.

Na geji za pampu za mguu zinazoandikwa hadi 160 PSI haziaminiki huko chini. Tafuteni geji ndogo inayoishia 60 au chini ya hapo.

KashataMbili

Umenisahihisha vizuri dada, ni za tyubulesi. Silanti yenyewe, ile dawa ya maji ya kuziba matundu ndani ya tairi: mililita 60 hadi 80 kwa inchi 26, mililita 90 hadi 120 kwa inchi 29. Kwa mikoa ya migunga nenda na kiwango cha juu, masika au kiangazi, miiba haina likizo.

FundiwaKorongo

Naomba niongelee breki, maana hapa ndipo pesa inapopotea.

Pedi za breki za diski ziko za aina mbili kuu: za resini na za chuma kilichoshindiliwa kwa moto. Resini ni laini, kimya, inashika mapema. Lakini tope lenye mchanga likiingia kati ya pedi na diski, resini inasagika haraka sana. Pedi mpya ina kama mm 2 tu za kusugua, na siku moja ndefu ya mvua kwenye mchanga wa volkano inaweza kuzimaliza zote. Za chuma zinadumu zaidi, zina kelele zikilowa, na zinachukua muda kidogo kushika pakiwa na baridi. Kwa masika funga za chuma, ila soma kwanza diski yako. Ikiwa imeandikwa RESIN PAD ONLY, chuma kitaila hiyo diski.

Pedi za Shimano zitoe zikibaki nusu milimita. Usisubiri sauti ya chuma kukwaruza. Ile ni springi ya katikati ya pedi au bamba la nyuma tayari linakula diski.

Kosa la mafundi wengi: pedi zikiisha, pistoni zinazosukuma pedi zinakuwa zimetoka nje na zimezungukwa na tope. Fundi anachukua bisibisi anazirudisha ndani hivyohivyo, mchanga unaingia na kukwaruza sili, wiki inayofuata kaliper (kile kifaa kinachobeba pedi na pistoni) inavuja. Osha kwanza. Toa pedi, bana breki kidogo pistoni zitoke mm 1 hivi, zisugue pembeni kwa kijiti cha pamba chenye isopropili (aina ya alkoholi), ndipo uzirudishe kwa kitu cha plastiki au mbao.

Pedi mpya zizoeshe pakiwa pakavu, siku moja kabla. Fika kasi ya km 20 kwa saa, bana breki moja taratibu hadi karibu kusimama, achia kabla gurudumu halijafunga. Rudia mara 20 mbele, mara 20 nyuma. Ukizipeleka topeni bila kuzizoesha, zinakwanguliwa kabla hazijawahi kushika.

gia_nyepesi

Fundi, diski nasafishia spiriti ya dawa ile ya famasi. Sawa?

FundiwaKorongo

Soma chupa. Spiriti nyingi za hospitali zimechanganywa mafuta kidogo, ya mbono kwa mfano, ili zisikaushe ngozi. Yale mafuta yanabaki kwenye diski na pedi zinayanywa. Nunua isopropili tupu. Na dawa za kupuliza za kulegeza kutu zisikaribie diski hata kidogo. Ukipuliza cheni, upepo unapeleka ukungu wake hadi kwenye diski ya nyuma bila wewe kuona.

Mtumba26

Tusisahau wenye breki za mpira za kubana rimu, ndio wengi.

Rimu ikilowa, breki haishiki hadi mizunguko miwili ya kwanza ifute maji. Kwa hiyo zigusishe kidogo kabla ya mteremko, si ndani ya mteremko. Mchanga unajichimbia ndani ya mpira wa breki na kuanza kula rimu: ukisikia sauti ya kusaga, simama. Nyumbani toa mpira, chokoa vijiwe na vipande vya aluminiamu kwa sindano, sugua uso kwa msasa hadi uone mpira mweusi usiong'aa.

Rimu yenyewe ikague kila masika yakiisha. Weka ukingo wa rula ulionyooka ubavuni mwake. Ukiona mwanga katikati, ubavu umeliwa na kuwa shimo. Rimu ya namna hiyo inaweza kupasuka ikiwa imejaa upepo, na haina onyo.

Kwa breki za diski zinazovutwa kwa waya: usifidie pedi zilizoisha kwa kukaza waya peke yake. Mkono wa kaliper unaanzia katikati ya safari yake na nguvu inapungua. Sogeza pedi ya ndani kwanza kwa kile kitufe au aleni iliyo upande wa spoku mpaka iache diski kwa unene wa karatasi, ndipo urekebishe waya.

gia_nyepesi

Shukrani. Sasa hii: gia tatu mbele, saba nyuma. Kwenye tope nikiwa gia ndogo ya mbele cheni inapanda na kujibana kati ya sproketi (gurudumu la meno) na fremu. Fundi amekaza cheni bado.

SpokuMoja

Hiyo si ya kukaza. Cheni yenye tope haitaki kuachia meno ya chini ya sproketi ya mbele. Inabebwa nayo kwenda juu mpaka inakutana na bomba la fremu. Inazidi ukiwa gia ndogo na unakaza pedeli kwa nguvu. Angalia mambo matatu. Meno ya sproketi kama yamechongoka na kupinda, badili. Cheni kama imerefuka, badili. Na ukiwa njiani kwenye tope zito, bakia sproketi ya kati mbele, tumia kubwa ya nyuma.

Ikishabana, usikanyage mbele hata nusu mzunguko. Rudisha pedeli nyuma taratibu huku ukiivuta cheni kwa chini. Kukanyaga kunaikata fremu; fremu za kaboni zinachimbika vibaya.

Kupima cheni: shika rula ya chuma, anza katikati ya pini moja, hesabu vipande 24. Cheni mpya inapima mm 304.8. Kwa gia 11 au 12 za nyuma itoe ikifika mm 306.3. Kwa gia 10 kushuka chini, mm 307 ndio mwisho. Ukiivumilia, inakula sproketi zote na gharama inakuwa mara kadhaa.

Limuru_Chai

Habari zenu kutoka huku Kiambu. Nimesoma hadi hapa na hakuna aliyetaja oili. Wasee wengi bado wanapaka oili chafu ya gari kwenye cheni. Ile ina masizi na chembe za chuma, na ni nyeusi hivyo huwezi kujua kama cheni ni safi. Grisi nayo inabaki nje tu na kushika mchanga, ndani ya rola haifiki. Oili ya cherehani inafika ndani vizuri lakini ni nyepesi, dimbwi moja na imeoshwa.

Tumia oili ya cheni ya mvua, ile nzito. Cheni iwe safi na kavu kwanza. Tone moja kwa kila rola, upande wa ndani wa cheni ya chini, zunguka mara moja kamili kuanzia kile kiungo cha kufungulia ili ujue umefika wapi. Zungusha pedeli nyuma mara kumi, iache usiku kucha, asubuhi ifute kwa kitambaa mpaka nje ionekane haina oili. Kinachofanya kazi kiko ndani. Wanaoacha inang'aa ndio wanaovuna mchanga.

Kivu_Tairi

Hapa Goma udongo ni wa volkano. Maji yanazama upesi, haunati, watu wanafikiri masika hayana shida. Shida ni chembe zake: zina makali. Zinaingia kwenye cheni na pedi na kusaga kimya kimya. Kwetu sisi pedi na cheni zinaisha kabla ya kitu kingine. Wanaokuja Rubavu, ng'ambo ya mpaka upande wa Rwanda, kuanza ile njia ya Congo Nile, km 227 hadi Rusizi, wakumbuke kwamba wakishaacha udongo wa volkano watakuta mwekundu wa vilima na mitelemko mirefu. Bebeni pedi jozi mbili kwa kila mtu wakati wa mvua.

Dada_Pedeli

Vifaa vimesemwa, tuseme na uendeshaji.

Kupanda: wengi wanaingia gia nyepesi kabisa na gurudumu la nyuma linazunguka bure. Panda ukiwa gia moja au mbili nzito zaidi, kaa kwenye siti, sogea mbele ya siti kidogo, zungusha pedeli sawasawa bila kushtua. Ukisimama, uzito unaondoka nyuma na mshiko unakwenda nao.

Kushuka: punguza kasi kabla ya kona, pale palipo na changarawe au nyasi. Ndani ya tope achia breki ya mbele. Magurudumu yaliyofunga hayaelekezwi, yanakwenda yanakotaka.

Mizizi iliyolowa: ipite kwa pembe ya mraba, pedeli zikiwa usawa, bila breki, bila kukata usukani. Mzizi uliolala mshazari ndio unaoangusha, kwa hiyo badili mstari wako mita mbili kabla yake, si ukiwa juu yake. Madaraja ya mbao vivyo hivyo.

Mifereji ya matairi ya pikipiki: ukishaingia, kaa humo. Angalia mwisho wa mfereji, usiangalie tairi. Kutoka kwa kukata usukani taratibu ndiko kunakoleta kuanguka kwa ubavu. Nyanyua mbele yote itoke kwa mara moja, au subiri mfereji uwe wa kina kifupi.

Dimbwi usilolijua kina: uzito nyuma kidogo, usukani mlegevu, pedeli zizunguke. Likifikia habu (kitovu cha gurudumu), jua maji yameshajaribu kuingia kwenye beringi.

boda_mstaafu

Mimi baiskeli naipeleka karwoshi, dakika tano imetakata. Mnajisumbua na mabrashi.

FundiwaKorongo

Mkuu, ndiyo maana beringi za krenki zinaisha kila msimu. Mashine ile inasukuma maji kupita sili ambazo zimetengenezwa kuzuia mvua na rasharasha. Maji yanaingia, grisi inatoka, kutu inaanza ndani ambako huoni. Ukilazimika, simama mita mbili na usielekeze kamwe ubavuni kwenye habu, krenki, beringi za usukani au sili za foki.

Ndoo mbili, brashi na sabuni ya maji ya vyombo vinatosha. Lowesha kwanza, subiri tope lilainike, ndipo usugue. Tope kavu likisuguliwa linakwaruza. Anza na fremu, malizia na cheni na gia za nyuma kwa brashi yake peke yake, isiguse diski. Sabuni ya unga iacheni, ni kali kwa aluminiamu.

Baada ya hapo toa bomba la siti, igeuze baiskeli juu chini. Utashangaa maji yanayotoka. Fremu nyingine zina kitundu chini ya krenki. Kizibue kwa waya. Bomba la siti lipake grisi kidogo kabla ya kulirudisha kama fremu na bomba vyote ni vya chuma au aluminiamu, la sivyo litang'ang'ania humo.

Kipimo cha beringi: toa cheni kwenye sproketi ya mbele, zungusha krenki kwa kidole huku kiganja kingine kimegusa fremu. Ukihisi mkwaruzo, maji yameshaingia. Foki za springi nazo, watengenezaji RockShox wanaagiza kufungua miguu ya chini na kubadili oili kila saa 50 za kuendesha. Masika yanayokulowesha kila wiki, usingoje zifike.

Limuru_Chai

Madigadi ya mbele unaweza kukata kwenye galoni la lita 5 la mafuta. Kata kipande cha sm 30 kwa 20, chembamba upande wa mbele, toboa matundu manne, kifunge kwenye foki kwa kamba za plastiki za kubania waya. Kinazuia tope la machoni tu, na inatosha. Kiache tairi kwa mm 15 au zaidi. Kwa tope jeusi kitoe kabisa.

SpokuMoja

Kabla hatujaenda mbali: njia tunazopita nyingi ni za watu. Lushoto ni vichochoro kati ya mashamba, kina mama wanapita na mizigo kichwani. Tairi lako likiacha mfereji wa kina cha vidole viwili, ule mfereji utakauka hivyo na kuwa korongo la maji mvua ijayo. Siku hiyo nenda barabarani. Dimbwi lipite katikati, ukilizunguka kila mtu atalizunguka na njia itaingia shambani. Na upande wa Kilimanjaro, ile mifongo ya kumwagilia usiikanyage kingo. Shuka, beba, vuka. Mwenye zamu ya maji hatakuelewa, na ana haki.

gia_nyepesi

Wakuu nimeelewa. La mwisho: njiani nibebe nini zaidi ya pampu na viraka?

Mtumba26

Sikio la dereila la fremu yako, maana hayaingiliani; nunua mawili ukilipata. Kitoa pini ya cheni na kiungo kimoja cha kufungua kwa mkono, cha idadi ya gia zako. Jozi ya pedi. Aleni za mm 4, 5 na 6. Kijiti cha plastiki cha kuchokolea tope. Kile cha kutolea tairi kinafaa. Chupa ya maji ya ziada isiyo ya kunywa, ya kuosha cheni na dereila kabla ya mlima. Sikio likikatika na huna jingine, kata cheni, ipitishe sproketi ya kati mbele na moja ya katikati nyuma bila dereila, ifunge ikiwa imekaza. Utarudi na gia moja. Usichague sproketi kubwa ya nyuma, cheni itakuwa mshazari na itaruka.